Haki ya Waliotangulia na Mashahidi Wao

Kadhi mwadilifu huona uzito mkubwa kumhukumu mtu asiyehudhuria barazani, kwa kuwa asiyekuwapo hawezi kukana alilosingiziwa, wala kumrudi shahidi aliyekosea, wala kueleza nia iliyokuwa moyoni mwake siku alipotenda alilotenda. Na kwa sababu hiyo maulamaa wa sheria wameandika mengi juu ya sharti za ushahidi, nani akubaliwe na nani akataliwe, na kauli ipi ihesabiwe kuwa yakini na ipi iachwe katika dhana. Walakini kila siku, katika madarasa ya shule zetu na kumbi za vyuo vyetu, hukumu hupitishwa juu ya watu wasiokuwapo na wasioweza kuwapo tena, kwamba huyu alikuwa jasiri na yule msaliti, kwamba kaumu hii ilijenga na ile ikabomoa, na aghalabu hukumu hiyo hutegemea kauli ya shahidi mmoja tu, nacho ni kitabu cha kiada, ambacho mwanafunzi hakuambiwa kimezipokea kwa nani habari zake. Basi swali ninalotaka kulitazama si la ratiba na vipindi peke yake, ingawa litafika huko. Ni swali la haki. Wafu wana haki gani juu yetu sisi tunaowasimulia, na ni elimu ya namna gani itakayotuwezesha kuitimiza?

Nasema mapema ninaloliamini. Historia iliyotengwa na jiografia, na hesabu, na lugha, na sayansi, na elimu ya dini, haiwezi kuwatendea haki waliotangulia hata ikiwa kila neno lililomo ni sahihi, maana humzoeza kijana kupokea bila kudai dalili, jambo ambalo wanazuoni waliliita taklidi na wakaliona ni upungufu kwa kila mwenye uwezo wa kutafuta dalili mwenyewe. Tutazame ilivyo darasani. Kengele hulia, mwalimu wa jiografia hufuta ubao alioandika habari za pepo za kaskazi na kusi, akatoka; huingia mwalimu wa historia, akaandika sababu za kukua kwa miji ya pwani, na mojawapo ni biashara na Bara Arabu na Ghuba ya Uajemi, na wanafunzi wakanakili. Hapana aliyewaambia kwamba pepo zilizofutwa ubaoni punde hivi ndizo zilizozisukuma jahazi za biashara hiyo. Kwamba nahodha aliyeshuka na kaskazi hakuwa na budi kungoja kusi ivume ndipo arejee kwao. Na kwamba katika miezi hiyo ya kungoja watu walikopeshana, wakaoana, wakasali safu moja, na lugha zikaazimana maneno. Kijana huyo amefundishwa upepo na amefundishwa biashara, na walimu wote wawili amewaambia ndiyo katika mtihani, ilhali hajui kwamba ni jambo moja.

Fikira hii si ngeni wala haikuzuliwa na wataalamu wa zama zetu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, mji ambako yeye mwenyewe alikalia kiti cha ukadhi wa madhehebu ya Maliki, aliandika katika Mukadima yake, aliyoitunga mwaka 1377, kwamba waandishi wa tarehe walionaswa na uongo wengi wao hawakunaswa kwa kukosa uaminifu, bali kwa kukosa kuijua tabia ya mambo yenyewe: jinsi miji inavyolishwa, jinsi majeshi yanavyopangwa, jinsi kabila linavyoongezeka na dola inavyokonga. Yeye alitoa mfano wa habari iliyopokewa na al-Masudi na wengineo, kwamba Nabii Musa alipowahesabu Bani Israili jangwani aliwapata wenye kuweza kushika silaha 600,000 au zaidi. Hakuitupa habari hiyo kwa chuki wala hakuikubali kwa heshima. Aliuliza kama nchi za Misri na Sham zaweza kubeba jeshi la namna hiyo, kama safu ndefu kiasi hicho zaweza kupigana ilhali mkono mmoja hauoni wala hausikii mkono wa pili, na kama uzao wa Yakubu waweza kufikia idadi hiyo katika vizazi vichache vilivyo baina yake na Musa. Yaani aliita jiografia, akaita elimu ya vita, akaita hesabu, zote zisimame mbele ya habari moja. Kadhalika ile hadithi ya Iskandari kuzamishwa baharini ndani ya sanduku ili ayatazame mashetani wa chini, aliikataa kwa hoja ya tabibu, kwamba mtu aliyefungiwa hivyo, hewa ya kuvuta ingemwishia akafa.

Na hapa pana jambo ambalo walimu wa madrasa na walimu wa shule wangepaswa kulizungumza pamoja. Wanazuoni wa hadithi walikuwa wamefika mbali mno, karne nyingi kabla ya Ibn Khaldun, katika kuwachunguza wapokezi mmoja mmoja, nani alikutana na nani, nani kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni, nani alisema uongo japo mara moja. Na kijana wa pwani aliyesoma chuoni kwa shehe wake hujua isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ni nini kabla hajajua historia ni nini. Ibn Khaldun hakuidharau elimu hiyo, lakini alisema kuwa katika habari za matukio ya dunia iangaliwe kwanza habari yenyewe kama yamkini, ndipo achunguzwe aliyeileta. Mwanafunzi mwenye mizani zote mbili, ya mpokezi na ya habari, ana akiba ambayo shule zetu hazijaitumia hata kidogo, nami nahuzunika kila nionapo kijana anayeijua vyema elimu ya wapokezi asubuhi chuoni akiiacha mlangoni mchana anapoingia darasa la historia, kana kwamba Mwenyezi Mungu alimpa akili mbili.

Nichukue Kilwa Kisiwani, kwa sababu pale mashahidi ni wengi nao hawakubaliani. Shahidi wa kwanza ni tarehe ya Kilwa, tuliyo nayo kwa njia mbili: kwa Kiarabu, katika nakala iliyohifadhiwa London, na kwa Kireno, katika kitabu alichokitoa João de Barros mwaka 1552. Tarehe hiyo husimulia kwamba mfalme wa Shirazi na wanawe walisafiri kwa majahazi saba, kila jahazi likashika bandari yake, na aliyeshuka Kilwa akakinunua kisiwa kwa mtawala wake kwa nguo za kukizunguka chote. Kisha mtawala yule wa kwanza akihama kwenda bara kwa nia ya kurudi na kukinyang'anya, wageni wakauchimba mkono wa bahari uliokuwa ukivukwa kwa miguu maji yakipwa, asipate njia.

Hapo ndipo ningependa mwalimu wa hesabu aingie. Na achukue ramani ya kisiwa yenye kipimo, awape wanafunzi uzi, waulaze juu ya ukingo wa nchi kwa kila ghuba na kila rasi, kisha waunyooshe na kuupima kwa rula mpaka wapate mzingo wa kisiwa kwa kilomita. Halafu waulize jora moja la nguo lina mita ngapi, na majora mangapi yangehitajiwa, na chombo kimoja chaweza kupakia mangapi. Huenda wakaona ni jambo lililowezekana, huenda wakaona ni muhali. Kisha mwalimu wa jiografia awaeleze maji kujaa na kupwa katika ghuba ya Kilwa, na kama watu kwa majembe waweza kuuzuia mchanga usirudi. Baada yao aje mwalimu wa fasihi, aulize swali la hila zaidi: kwa nini wasimulizi walichagua nguo? Walitaka ijulikane kwamba haki ya nasaba ile juu ya kisiwa ilitokana na bei iliyokubaliwa, si na upanga. Na mtu hatangazi hivyo ila mbele ya watu wanaotia shaka. Kwa hiyo hata kama nguo zile hazikuwapo kamwe, kisa chenyewe ni ushahidi wa kweli, ila ni ushahidi juu ya wasimulizi na hofu zao, na kijana asiyefundishwa fasihi hawezi kuusikia.

Shahidi wa pili ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib, akamsifu kwa ukarimu na ucha Mungu wake. Huyu ni shahidi wa macho, na tena mtu wa sheria, maana alikuwa kadhi Delhi na Maldivi. Ukimpima kwa sharti za wapokezi hutampata na kasoro kubwa. Lakini asema majengo ya Kilwa yalikuwa ya mbao, na mapaa ya nyasi. Mawe yenyewe yanamkana. Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye kuta za matumbawe na chokaa, ulikuwa umekwisha simama kabla yake, na ni Sultani huyo huyo anayehusishwa na kuupanua kwa kuba na nguzo. Na Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, limepatikana humo jiwe lililochorwa jina lake. Tumwite Ibn Battuta mwongo? Hasha. Kitabu chake kiliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya ziara ile, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika, na huenda aliikumbuka mitaa ya watu wengi, ambao kweli nyumba zao zilikuwa za miti na makuti, akaziacha za mawe zilizokuwa za wachache. Mwanafunzi anayeyaweka maneno ya msafiri kando ya vipimo vya mjenzi hujifunza jambo ambalo hakuna mahubiri yatakayomfundisha, kwamba mtu aweza kuwa mkweli na asiwe amesema ukweli wote.

Kisha waje wachimbaji. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, na kwa kupima tabaka za udongo, vigae vya ng'ambo na sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, alikata shauri kwamba utawala wa wale waliojiita Washirazi haukuanza mapema kama tarehe inavyodai, bali karibu na mwisho wa karne ya 12. Hukumu hiyo ilifundishwa kwa miaka. Lakini mwaka 1984 hazina ya sarafu ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu. Nayo dhahabu ya mwisho kupigwa chapa ni ya mwaka 1066, na majina ya watawala yaliyomo yakawalazimu wataalamu kumrudisha Ali bin al-Hasan nyuma kwa zaidi ya karne moja. Tarehe iliyodhaniwa kuwa ngano ikapata nguvu kwa kauli ya madini. Na sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeonekana mbali sana huko bara, katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ikishuhudia njia ya dhahabu iliyopitia Sofala. Mwalimu wa kemia anaweza kueleza kwa nini shaba huota kutu ya kijani na dhahabu isiote, na somo hilo halitakuwa la kemia tupu tena.

Lugha nayo ina neno lake. Wanaisimu wamebainisha kwa sauti na sarufi kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, na kwamba Kiarabu kiliingia katika msamiati baadaye. Kwa muda mrefu hoja hiyo ilitumiwa kuwakanusha wazee waliosema babu zao walitoka Shirazi. Mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, nao ukaonyesha kwamba tokea karibu mwaka 1000 palikuwa na mchanganyiko: upande wa akina mama aghalabu Waafrika, na upande wa akina baba wengi wametoka Uajemi. Kumbe lugha ilisema kweli, maana mtoto husema lugha ya mamaye. Na wazee walisema kweli, maana nasaba ilihesabiwa kwa baba. Waliogombana miaka mingi walikuwa wameshika kila mmoja nusu ya ukoo. Hata hivyo shahidi huyu mpya naye awekewe mpaka wake. Vinasaba havisemi mtu alijiitaje, wala alisali vipi, wala ndoa ile ilifungwa kwa ridhaa au kwa shuruti. Na mifupa iliyotoa jibu ni ya waja waliozikwa wakaombewa dua, ambao heshima yao haikukoma kwa kuwa miaka imepita. Katika vyuo vinavyofundisha akiolojia ningetaka somo la kwanza kabisa liwe adabu ya kaburi, lifundishwe na shehe na padri pamoja na mwanasayansi, kabla kijana hajapewa mwiko na brashi.

Wengine wataniambia: basi masomo yaunganishwe yawe somo moja, na kazi imekwisha. Tanzania tumelijaribu hilo katika shule za msingi kwa somo la Maarifa ya Jamii, na nia ilikuwa njema. Lakini kuweka historia, jiografia na uraia ndani ya jalada moja hakumleti mwalimu wa hesabu na uzi wake, wala hakumfundishi mtoto kumhoji shahidi kwa shahidi mwenzake. Aghalabu kila somo hufupishwa, na mtoto akapata kidogo cha kila kitu na hoja ya kitu chochote asiipate. Faida ya kuwa na elimu mbalimbali ni kwamba kila moja ina ukali wake na namna yake ya kukataa uongo. Mwanaisimu akiacha kuwa mwanaisimu hana tena msaada kwa mwanahistoria. Kinachotakiwa ni swali moja lililo zito, na walimu wanne au watano, kila mmoja amebaki katika fani yake, walikabili kwa wiki mbili tatu mbele ya wanafunzi wale wale, bila kuona haya kukhitilafiana mbele yao.

Jambo hili limewahi kufanyika kwetu, na matunda yake yapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao, miongoni mwao John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale watu wa Nandete walipoing'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kabla ya hapo waliosikiwa zaidi walikuwa maofisa wa Kijerumani, akiwemo Gavana Götzen aliyeandika kitabu chake mwaka 1909. Wazee wale walizungumza juu ya shamba, mijeledi na majumbe. Walizungumza juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemwa kuwa alizama katika maji akatoka na nguo kavu, na aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Vijana wale walihitaji lugha za wazee wao, walihitaji kujua kilimo, na walihitaji adabu ya kukaa mkekani na kusikiliza.

Katika madarasa mengi habari ya maji ya dawa ya wapiganaji wa Maji Maji hufundishwa kwa sentensi moja: waliamini maji yatageuza risasi, na haikuwa hivyo. Sentensi hiyo ni kweli na ni dhuluma. Ni dhuluma kwa sababu haimwulizi mtu wa dini, wa Uislamu, wa Ukristo wala wa mila, maji ni nini kwa mwenye kuamini. Wala haiulizi ni kwa njia gani Wamatumbi, Wangindo na Wangoni, ambao hawakuwa chini ya mfalme mmoja, waliingia vitani kwa kiapo kimoja. Maji yale, yaliyotiwa mtama na mafuta ya mbarika, vitu vya jikoni na shambani kwa kila mtu, yaliunganisha watu ambao siasa haikuwaunganisha. Hilo mwalimu wa historia hawezi kulieleza peke yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita hivi utenzi, akivitazama kwa jicho la mwanachuoni Mwislamu wa mjini. Ebrahim Hussein akaandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na kwa makusudi akamtenga mhusika wake na mtu wa historia. Wawekeni wote wawili mbele ya kijana pamoja na maneno ya wazee wa 1968, kisha mwulizeni imani ya mtu hupimwa kwa matokeo yake au kwa lililomsukuma. Hapo falsafa itakuwa imeingia darasani bila kubisha hodi.

Na bayolojia pia iitwe. Wajerumani walishinda kwa bunduki, halafu kwa njaa, wakichoma ghala na mashamba. Ardhi ikakimbiwa na watu, vichaka vikarudi, na pamoja navyo mbung'o na wanyama wa mwituni. Helge Kjekshus aliichambua hali hiyo ya mazingira katika kitabu chake cha mwaka 1977. Sehemu ya nchi hiyo leo imo katika hifadhi ambazo mgeni huzitazama akasema ni pori ambalo halikuguswa tangu kuumbwa kwa dunia, na mtoto wa Ngarambe aliyesoma ikolojia bila historia atakubaliana naye, ilhali hapo palikuwa na mashamba ya babu zake.

Ni wangapi waliokufa katika vita hivyo? Makisio ya kiserikali ya Wajerumani yalikuwa 75,000. Gwassa alifikia baina ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii si ya kufichwa. Mwalimu wa hesabu aonyeshe jinsi idadi inavyokisiwa pasipo sensa, wa bayolojia aeleze njaa huua nani kwanza na uzazi hupungua kwa kiasi gani, wa historia aeleze nani alihesabu na alikuwa na sababu gani ya kuhesabu kidogo, na wa dini akumbushe kwamba kila mmoja katika hao alikuwa nafsi iliyoharamishwa kuuawa pasipo haki. Kisha kijana aandike katika karatasi ya mtihani kwamba idadi haijulikani kwa yakini, ataje makisio yote mawili, aeleze lipi limejengwa juu ya nini, na aseme yeye huelekea wapi na kwa dalili gani. Kijana huyo astahili alama zote, nami nawaomba wanaotunga mitihani ya taifa waandike hivyo katika mwongozo wa kusahihisha, kwa kuwa maadamu mwongozo una tarakimu moja, mwalimu mwenye bidii atawafundisha wanafunzi wake tarakimu moja, na hatakuwa na kosa.